Mto Usizidi Mita Nne

Jiji la Mavune lipo, msije mkadhani nalitunga. Liko katika Jamhuri ya Tulieni, ukingoni mwa mto Luvumo, na kila mgeni anayeshuka uwanja wa ndege hupewa kijitabu chenye wasifu wa jiji. Kijitabu kinasema jiji lina wakazi laki nne na wote wana furaha. Kinasema lina taa za kuongozea magari, na hilo ni kweli kabisa, kwani ziko mbili, zote mbele ya nyumba ya Mkuu wa Jiji. Kinasema pia kwamba lina daraja kubwa linalovuka mto. Hapo mwandishi aliharakisha kidogo. Daraja lilijengwa na marafiki kutoka nje hadi katikati ya maji, kisha marafiki wakakosana na serikali wakaenda zao. Siku hizi maharusi huenda kupigia picha pale linapokatikia.

Wakoloni waliliita jiji hilo kwa jina la mke wa gavana wao. Uhuru ulipokuja likapewa jina la mama yake Rais wa kwanza. Rais wa pili naye alikuwa na mama. Rais wa sasa, Baba Mlezi, kwa unyenyekevu wake, aliamua jiji lirudie jina lake la asili, ila uwanja wa ndege, hospitali, soko na stendi ndivyo viitwe kwa jina la mama yake.

Kijitabu hakikumtaja Bi. Generoza Kalumbu, ingawa hakuna mtu Mavune asiyemjua. Au niseme vizuri: hakuna asiyeijua sauti yake. Kwa miaka ishirini na tisa, kila alfajiri, mama huyu alishuka ukingoni akasoma tarakimu kwenye nguzo ya kupimia mto, kisha akaenda kituo cha redio, Sauti ya Tulieni, na saa kumi na mbili kamili akasema:

"Habari za asubuhi, Mavune. Mto leo umelala mita mbili na sentimita thelathini."

Hakuongeza chumvi. Kwa maneno hayo tu watu wa Bondeni, mtaa ulioko chini ya kona ya mto, walijua kama wapande mchicha au wangoje, kama waanike matofali au wayafunike. Serikali iliwahi kuwatangazia mambo mengi: umeme, maji ya bomba, shule ya ghorofa. Katika yote yaliyotoka redioni, la Bi. Generoza peke yake ndilo walilokwenda kulitazama mtoni wakalikuta.

Sheria ilikuwa moja, nayo fupi. Mto ukifika mita nne, king'ora kinalia, Bondeni wanahama kwenda mlimani, na shughuli zote za hadhara zinaahirishwa.

Sasa mwaka ule Tulieni ilikuwa inatimiza miaka arobaini ya Uhuru, na Baba Mlezi alikuwa ameamua kuja kuhutubia wageni wa nchi kumi na moja katika uwanja mpya ulioko ukingoni. Wiki mbili kabla ya sherehe, mvua ikaanza kunyesha milimani, huko mto unakotoka.

Mkuu wa Jiji, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Daktari Yohakimu Ntabaye, akaitisha kikao cha dharura. Udaktari wake alipewa na chuo kimoja cha ng'ambo ambacho hakijapatikana tena. Alisimama, akavuta suruali, akasema:

"Ndugu zangu, wakoloni waliuachia mto huu ukafurika ulivyotaka, kwa sababu haukuwa mto wao. Je, sisi? Sisi ni taifa huru! Haiwezekani raia wote wafuate ratiba ya Jubilei, halafu maji, narudia, maji, yajiamulie! Kwa hiyo Kamati imepitisha Azimio Namba Kumi na Saba: katika kipindi chote cha maadhimisho, mto usizidi mita nne."

Makofi yakapigwa. Mtu mmoja aliuliza kama mto umepelekewa nakala, naye akajibiwa kwamba nakala bado inangoja mhuri.

Bi. Generoza alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, nisamehe. Mto hausomi barua."

"Ndiyo maana tukakuita, mama," Mheshimiwa akasema kwa tabasamu. "Mto hausomi, lakini wewe unasoma. Basi utakuwa unasoma mita tatu na kitu. Hicho kitu tunakuachia wewe, sisi si madikteta."

"Mimi nasoma ninachokiona kwenye nguzo, Mheshimiwa. Watoto wa watu wanalala kule Bondeni."

 Watu walitazama viatu vyao. Hapo akasimama kijana mmoja nadhifu, Mkurugenzi wa Sauti ya Tulieni, akaomba ruhusa azungumze na mama huyo pembeni. Huyu alikuwa Desderi, mdogo wake Bi. Generoza, wa tumbo moja.

Mama yao alifariki Desderi akiwa na miaka mitatu. Generoza ndiye aliyembeba mgongoni hadi ofisi ya mto, akamfundisha kuhesabu kwa tarakimu za ile nguzo, akakataa posa mbili kwa sababu wachumba hawakumtaka mtoto. Desderi alipomaliza chuo, Generoza alivaa viatu vya kuazima kwenda kumpigia vigelegele.

Wakasimama kwenye varanda. Desderi akamshika dada yake mikono yote miwili.

"Dada, usihangaike na huyu mzee. Soma unachokiona."

"Na wao?"

"Wao niachie mimi. Nakuapia kwa kaburi la mama, hakuna mtu atakayekulazimisha useme uongo. Ila wiki ya Jubilei usije studio, barabara zote zitafungwa kwa ajili ya misafara. Piga simu tu pale ofisini kwako, mimi mwenyewe nitapokea na kukurusha hewani."

Bi. Generoza alimtazama usoni, akamwona yule mtoto wa mgongoni. Akarudi nyumbani na moyo mweupe.

Siku ya kwanza ya Jubilei mto ulifika mita tatu na sentimita tisini. Alipiga simu, Desderi akapokea, yeye akasema maneno yake ya kila siku. "Safi sana, dada," akaambiwa. Siku ya pili nguzo ilionyesha mita nne na arobaini. Aliisoma mara tatu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yalibeba magogo. Akapiga simu:

"Habari za asubuhi, Mavune. Mto umeamka. Mita nne na sentimita arobaini. Watu wa Bondeni, hameni."

"Imefika, dada," Desderi akasema.

"Mbona sisikii king'ora?"

"King'ora kimeshushwa, kinapakwa rangi za taifa. Usijali. Wamekusikia, wanafungasha."

Na kweli, alipotoka nje akachungulia kule chini kwenye kona, aliona watu wa Bondeni wakipita na viti, mikeka na masufuria vichwani. Akamshukuru Mungu, akamshukuru na mdogo wake. Hakujua kwamba walikuwa wanavipeleka uwanjani. Kila kaya ilikuwa imeagizwa itoe viti viwili, mkeka na sufuria kwa ajili ya wageni.

Siku ya tatu ndiyo siku Baba Mlezi alipokuwa ahutubie. Nguzo ilisoma mita tano na sentimita tano, na maji yalikuwa yanapanda ukiyatazama. Bi. Generoza alipiga simu, akasema aliyoyasema, na safari hii akaongeza, "Kwa jina la Mungu, hameni." Halafu akapanda barabarani kwa mama mmoja muuza chai, maana alitaka kitu cha moto. Mama wa chai alikuwa na redio ndogo juu ya meza.

"Habari za asubuhi, Mavune," redio ikasema. "Mto leo umelala mita tatu na sentimita kumi."

Mama wa chai akaitazama redio, akamtazama mteja wake, akaacha kumimina.

"He! Wewe si uko hapa? Na huyo ni nani?"

Bi. Generoza aliinamia meza. Alikuwa anaisikiliza ile sauti. Ilikuwa yake, kabisa. Hata ule mkwaruzo mdogo aliokuwa nao alipougua mafua, mwaka ambao kaka yao mkubwa alizikwa, ulikuwemo kwenye neno "tatu." Neno "kumi" lilitoka mwaka mwingine, wa furaha. Aliitambua kila silabi jinsi mama anavyozitambua nguo za mwanawe kwenye kamba ya jirani. Maktaba ya redio ilikuwa na miaka ishirini na tisa ya asubuhi zake, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Hakuna aliyemlazimisha kusema uongo. Desderi alikuwa ametimiza ahadi.

Aliacha chai mezani akakimbia. Mama wa miaka hamsini na sita, kanga ikimwanguka, aliteremka hadi Bondeni akipiga kelele njiani: "Hameni! Mto mita tano! Hameni!"

Karibu na kisima alimkuta balozi wa mtaa, mzee mwenye kofia ya chama, amezungukwa na watu wanaosikiliza redio kungoja hotuba.

"Mama, tulia," balozi akasema. "Unatia watu hofu siku ya sikukuu. Bi. Generoza mwenyewe amesema mita tatu na kumi."

"Mimi ndiye Generoza!"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Wengi wao hawakuwahi kumwona. Wakati huohuo redio, ambayo siku hiyo ilirudia kipimo kila nusu saa, ikasema tena: habari za asubuhi, Mavune, mto umelala. Balozi akainua kidole kuielekea, kama hakimu aliyepata shahidi.

"Na huyu je? Huyu ndiye aliyetuokoa mwaka ule wa mafuriko ya msimu wa maembe. Huyu tunamjua. Wewe umetumwa na nani?"

Mmoja tu ndiye aliyemjua kwa sura, mwanamke aitwaye Skola, mfyatua matofali, aliyezoea kwenda ofisi ya mto kuchota maji ya kukandia udongo. Alisogea, mikono imejaa tope.

"Dada Generoza, nakujua. Lakini leo umenichanganya. Miaka yote hujanidanganya redioni hata siku moja. Sasa nimwamini yupi, wewe au wewe?"

"Mimi, Skola. Mimi mwenye pumzi. Mchukue mama na mtoto mwondoke sasa hivi."

Skola aliitazama redio. Akageukia upande wa mto, ambao kutoka pale ulifichwa na migomba. Mama yake alikuwa amepooza miguu, na binti yake Leokadia, wa miaka sita, alikuwa amelala kwa homa.

"Basi nitahama," akasema. "Ila nitangulize matofali mlimani. Nimeyafyatua mwezi mzima. Mto ukiwa mita tatu na kumi nina muda hadi jioni, nitarudi kuwachukua hao."

"Si tatu na kumi!"

"Nimekusikia, dada. Nimekusikia pande zote mbili."

Watu arobaini hivi walimfuata Bi. Generoza kupanda mlima, wengine kwa kumwamini, wengine kwa kumwonea huruma. Skola alipanda nao na toroli la matofali, akashuka, akapanda na la pili. Alipokuwa anashuka kwa mara ya tatu, saa nane mchana, maji yaliingia Bondeni, yakajaa milango kabla watu hawajamaliza kuuliza ni nini.

Uwanjani nako yalifika, kwa adabu zaidi. Baba Mlezi alikuwa ukurasa wa ishirini na sita, penye maneno "hakuna nguvu itakayotuyumbisha," wasaidizi wanne walipomnyanyua juu juu. Aliendelea kusoma akiwa hewani. Gazeti la serikali liliandika kesho yake kwamba wananchi walimbeba kwa furaha.

Bondeni walikufa watu sitini na mmoja. Mama yake Skola alikuwemo. Leokadia naye.

Baada ya mwezi iliundwa Tume. Ilikaa katika hoteli iliyo juu kilimani, ikala, ikasikiliza mashahidi. Nguzo ya kipimo haikuweza kuletwa kwa kuwa ilikuwa imeondoka na maji, na Mwenyekiti alisema kuondoka kwake bila ruhusa kunatia shaka juu ya uaminifu wake tangu mwanzo. Ushahidi mkuu ukawa kanda za redio. Desderi aliziweka mezani, akala kiapo, kanda ikachezwa.

"Unaitambua sauti hii?" Mwenyekiti akauliza.

"Naitambua, Mheshimiwa. Ni ya dada yangu. Naijua tangu sijaweza kutembea."

Na hapo pia hakusema uongo.

Bi. Generoza akasimama bila kuitwa.

"Desi. Ulinisikia nikisema nini kwenye simu?"

Desderi alipangapanga karatasi zake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mazungumzo ya simu hayamo katika hadidu za rejea."

"Nitazame, mwanangu," akasema, na ilimtoka hivyo, mwanangu. Desderi hakumtazama. Askari akamkalisha mama kwa upole.

Ripoti ya Tume ilikuwa na kurasa mia tatu, na ilisomwa redioni kwa muhtasari. Mto haukuzidi mita tatu na sentimita kumi. Azimio Namba Kumi na Saba lilitekelezwa kikamilifu. Kwa kuwa ni vigumu mtu kuzama katika maji yaliyo chini ya kiwango cha hatari, Tume ilichunguza vipimo vya marehemu ikagundua kwamba wengi wao walikuwa wafupi. Ilipendekeza kampeni ya lishe bora ili kizazi kijacho cha Bondeni kirefuke. Mwishoni ilimpongeza Bi. Generoza Kalumbu kwa kutuliza wananchi wakati wa maadhimisho, ikamtunuku Nishani ya Utulivu, daraja la tatu, na kumpa mapumziko ya heshima. Maana yake ni kwamba askari mmoja aliwekwa mlangoni kwake kulinda heshima hiyo asitoke nayo.

Watu wa Bondeni, waliokuwa wamepewa mahema mlimani, walisikia habari ya nishani. Wale arobaini waliopandishwa naye walijaribu kueleza, lakini utaelezaje? Kila asubuhi saa kumi na mbili sauti iliendelea kuwasalimia. Mto umelala mita mbili na nusu. Mto umelala.

Miezi miwili ikapita. Jumapili moja mchana Desderi akaja kumtembelea dada yake. Alivaa koti, ingawa jua lilikuwa linachoma. Alileta sukari na unga, akamwambia askari wa mlangoni aende nyumbani, kazi imekwisha. Wakakaa sebuleni. Dada alimpikia chai, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya jingine huyu mtu anapoingia.

"Unanichukia," Desderi akasema.

"Natamani ningeweza."

"Dada, ningekataa wangemweka mwingine. Na wewe wangekufunga. Angalau hivi uko hai, una nishani..."

"Umekuja kutaka nini?"

Akakohoa kidogo.

"Serikali inataka kutoa rambirambi. Kule mlimani watu wana uchungu, hawasikilizi mtu. Imeonekana wewe ndiye wanayemheshimu. Nimetafuta maktaba nzima, dada, wiki mbili. Miaka ishirini na tisa, na hujawahi hata mara moja kusema neno 'poleni.' Hapakuwa na haja." Akatabasamu kwa aibu. "Neno moja tu. Tunaweza kwenda studio, dakika tano."

Bi. Generoza aliweka kikombe chini. Kwa miezi mitatu alikuwa amelala na neno hilo mdomoni. Alikuwa amelisema kwa ukuta, kwa mto, kwa picha ya mama yao.

"Hilo hapana," akasema. "Namba zangu umezichukua, salamu zangu umezichukua. Hili ni langu. Nitapanda mlimani kwa miguu yangu, nitasimama mbele ya Skola, mbele yao wote, niwaambie, poleni. Poleni sana, ndugu zangu wa Bondeni. Nimelia pamoja nanyi. Hivyo, Desi, kwa mdomo huu. Si kwa mashine zako."

Alitegemea ubishi. Lakini Desderi aliinamisha kichwa, akamalizia chai yake. Kisha akasimama, akafunga vifungo vya koti, akambusu dada yake mkono.

"Asante, dada," akasema.

Kwa mara ya kwanza tangu mafuriko, Bi. Generoza alidhani kwamba mdogo wake ameona aibu.

Asubuhi iliyofuata alioga, akavaa kanga nyeusi, akapanda mlima. Njia ilikuwa ndefu, na kila alipopumzika aliyarudia maneno yake yasije yakampotea. Mahema yalikuwa yamepangwa mistari. Skola alikuwa nje ya hema la mwisho, anajenga ukuta kwa yale matofali ya matoroli mawili, anakanda udongo kwa miguu. Alikuwa amekonda. Watu waliomtambua Bi. Generoza walitoka wakasimama mbali kidogo.

"Skola," akaita.

Skola akainua uso.

"Poleni," Bi. Generoza akasema, na machozi yakaanza. "Poleni sana, ndugu zangu wa Bondeni. Nimelia..."

"Pamoja nanyi," Skola akamalizia.

Bi. Generoza akamkazia macho.

"Tumesikia, dada. Jana jioni, baada ya taarifa ya habari. Na leo asubuhi mara mbili. Wamesema wataendelea wiki nzima." Skola hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, kama mtu anayejibu hodi ya mgeni wa kumi. "Una jingine?"

Bi. Generoza alifungua mdomo. Akatafuta neno ambalo Desderi hakuwa nalo, neno ambalo hajawahi kumwambia mtoto huyo, mgongoni, kitandani, mezani, akiwa mgonjwa, akiwa na hofu ya giza. Alitafuta kwa muda mrefu, watu wakimtazama. Hakulipata. Akafunga mdomo, akavua viatu, akakunja kanga hadi magotini, akaingia kwenye udongo akaanza kukanda. Skola hakumkaribisha wala hakumfukuza.